Ndege wa Makopo na Buibui la Mkwe

Malindi, Jumatano, mwezi wa Rajabu, 1985

Joto la maleleji. Kaskazi imekwisha, kusi haijaja, hata jani la mkungu uani halitikisiki. Siku ya namna hii nilimwomba Mungu na amenipa, maana upepo ukivuma ndege wangu hupiga mbawa bure akamdanganya mwanangu.

Isha imeshaadhiniwa, nimekaa mkekani na daftari. Mwalimu wetu wa ngumbaru, kitoto cha kike ambacho mama yake nilimkanda mwenyewe alipojifungua, alituambia tuandike yanayotupata, si "baba analima shamba" kila siku. Haya, leo limenipata. Herufi zikilala ubavu, zilale.

Leo nusura mjukuu wangu achukuliwe.

Mwanaidi ni kitinda mimba wangu. Hajang'oa bado meno ya utotoni homa ilimpiga, ikamwachia roho na kuondoka na masikio. Hata radi haisikii. Husoma midomo, na ana maneno yake machache ya sauti nzito, ambayo watoto wa mtaani waliyacheka mpaka siku niliyotoka na mwiko. Mkono wake ndio unaosema. Hakuna bibi arusi mtaani kwetu anayekubali kupakwa hina na mtu mwingine.

Aliolewa na Athmani wa Mambrui, mtoto wa Bi Zuhura. Athmani sasa yuko Arabuni anaendesha lori. Mwanaidi akabaki Mambrui kwa mkwe wake, na mtoto wao wa kiume, Salimu, ambaye hata kutambaa bado. Huko ndiko mambo yalikoharibika. Siku moja Bi Zuhura alikwenda mazikoni. Aliporudi alimkuta Salimu chumbani amelia mpaka sauti imekauka, sisimizi wamemjaa usoni hadi kwenye kope. Mwanaidi yuko nyuma ya nyumba anafua, hana habari.

Kwa kelele alizopiga siku ile simlaumu. Ningekuwa mimi ningepiga zaidi yake. Lakini maneno aliyosema ghadhabu ilipokwisha ndiyo yaliyonikwama kooni: kwamba mama asiyesikia ni mlango usio na komeo, na Salimu atalelewa na yeye bibi yake, Mwanaidi arudi kwao akapumzike.

Kupumzika na mwanawe! Nilikwenda Mambrui nikawachukua wote wawili, nikasema mtoto ananyonya, tutazungumza. Athmani akapelekewa habari. Vijana wa siku hizi wakifika Arabuni hawaandiki, husema kwenye kaseti. Tukakaa sote tukasikiliza ile kaseti, na mwenye mume akawa anatazama nyuso zetu. Mwisho wake Athmani alisema, mama yangu ndiye atakayeamua.

Kumfikishia Mwanaidi maneno hayo kwa mkono niliachiwa mimi. Kazi kama ile sitaki tena.

Basi mimi huzuni ikinishika siwezi kulala chali nikahesabu boriti. Mimi ni mtu wa makopo. Mtaa mzima huniita Bi Makopo, na anayedhani ananitukana anajichosha bure. Tangu ujana wangu sijui kuona kitu kimetupwa nikakipita. Nimewahi kuunda jogoo wa bati wa kufukuza kunguru kwenye samaki wa kukausha. Niliunda mtego wa panya kwa mbavu za mwavuli, ukamnasa mkia paka wa jirani, tukanuniana na jirani hadi Idi. Hakuna anayenituma. Mkono wangu ukikaa bure huniwasha, ndiyo hivyo tu.

Nikaunda ndege.

Mtoto akilia hupiga mateke. Hilo kila aliyelea analijua. Salimu hulala kwenye susu, kile kitanda cha kamba kinachoning'inizwa boritini. Nikamtundikia soli ya ndara miguuni. Akipiga teke, soli huvuta kamba nyembamba. Ile kamba hupita ukutani juu ya vijigurudumu vya mbao ambavyo fundi wa cherehani huvitupa uzi ukiisha, hutoka dirishani, huvuka ua, huingia jikoni. Jikoni ndiko aliko ndege. Mwili wake kopo la maziwa ya unga, mbawa zake bati la samli, na bawaba zake ngozi ya kiatu kuukuu. Teke moja, mbawa juu. Teke likipoa, mbawa chini. Ananing'inia juu ya mafiga mbele ya macho ya Mwanaidi, hawezi kumkosa.

Mimi nilimtengeneza wa kufanya kazi tu, bati tupu. Mwanaidi ndiye aliyemvika. Alimpaka nyekundu ya kuumiza macho, mabaki ya rangi ya mashua za watalii kule Watamu, kisha akakaa na njiti akamchora mbawa maua yale yale anayowachora maarusi, na jicho akalitia wanja. Jirani mwenye paka alipomwona alisema, huyu kunguru anakwenda kuolewa wapi?

Na alifanya kazi. Siku ya kwanza mbawa zilipopanda, Mwanaidi akatoka jikoni mbio, akamkuta mwanawe kweli analia. Alikaa chini pale pale akalia naye. Na mimi nikalia. Ikawa nyumba ya vilio, alhamdulillahi.

Ndipo nikampelekea Bi Zuhura salamu, mkwe wangu, nimeunda ndege wa kumwita Mwanaidi mtoto akilia, njoo uone kwanza, kuamua baadaye.

Amekuja leo baada ya adhuhuri, amelowa jasho. Alipiga hodi mlangoni, nikamwitikia, Mwanaidi akaja kumbusu mkono, Salimu amelala. Tukaulizana hali kwa adabu zote, ile adabu ya watu wawili ambao kila mmoja ameficha kisu chake chini ya mkeka. Nikaenda nyuma kumtilia kahawa. Kurudi na sinia, nimemkuta ameshavua buibui lake, lile zito la kizamani, la hariri, na amelitundika.

Kwenye kamba yangu.

Nani angemlaumu? Nyumba gani ya pwani hii haina kamba chumbani ya kutundikia nguo? Ameiona kamba imenyooshwa vizuri ukutani, akafanya kama afanyavyo mwanamke yeyote akiingia kwa watu. Akalitupia papo hapo penye kigurudumu cha pili, nguo ikakimeza kigurudumu, ikakaza kila kitu. Hapo hata punda angepiga teke, jikoni pasingetikisika kitu.

Nilisimama na sinia mkononi. Mdomo wangu unajulikana. Lakini kumshushia mgeni buibui ni kumwonyesha mlango, na mgeni huyu akitoka kwa hasira hatoki mikono mitupu. Halafu kulikuwa na jingine, nalo nalisema hapa kwa kuwa hapa hanisikii mtu: niliona haya. Nilijua atasema kitu kinachoshindwa na nguo ndicho unachotaka kimlelee mjukuu wangu?

Nikaweka sinia chini. Nikamsogezea kikombe.

Naye akatoa masharti yake kabla hajagusa kikombe. Mwanaidi akae jikoni. Mimi na yeye tukae humu na mtoto. Salimu akilia, hainuki mtu, haendi mtu jikoni, hapungi mtu mkono dirishani.

"Akija mwenyewe, nitajua la kusema," akasema. "Asipokuja, mkwe wangu, naondoka na mtoto leo. Usinililie, wala usinitukane."

Nikamfikishia Mwanaidi yote kwa mkono, moja moja. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akaenda zake jikoni. Hakutazama ukutani. Laiti angetazama.

Tukakaa.

Sijapata kukaa hivyo hata kwenye uchungu wa kuzaa. Mtoto ambaye siku zote mbu akipita huamka, leo amelala kama aliyelipwa. Bi Zuhura akanywa kahawa. Akaila halua, akaisifu. Akalitazama susu, akaitazama soli ya ndara, akasema taratibu kwamba kwao Mambrui ndara huvaliwa miguuni. Nikamjibu kwamba kwetu pia, zikikatika ndipo huanza kazi ya maana. Akacheka kidogo kwa pua. Mimi nacheka huku jicho liko ukutani, kwenye lile dude jeusi linaloning'inia kama popo.

Nikapata hila. Nikamwambia, mkwe wangu, umetoka mbali na jua lote hili, nipe buibui lako nilifukize udi. Hakuna mgeni anayekataa udi. Hakukataa, uso wake ukalainika hata nikamwonea huruma. Nikainuka, roho imeshafika kwenye kamba.

"Makaa utayatoa wapi?" akaniuliza.

Makaa yako jikoni.

"Keti, mkwe wangu. Udi utakuja baadaye. Haendi mtu jikoni, tumekubaliana."

Nikaketi. Nimezeeka, lakini kuketi kule kumenizeesha tena.

Na hapo ndipo Salimu alipoamka. Kwanza alijinyoosha. Akakunja uso, kama kawaida yake, mdomo ukageuka chini kama upinde, halafu akafungua. Mtoto yule ana sauti ya mwadhini. Akapiga teke. Soli ikaenda, kamba ikavutika, nikaiona ikitembea ukutani, ikafika kigurudumu cha kwanza, kikazunguka, ikafika kwenye buibui. Ikafia pale.

Akapiga la pili. Ikafia pale.

Bi Zuhura hatazami kamba. Anatazama mlango. Mikono ameibana magotini na vidole vyote vimekuwa vyeupe. Nilikuwa nadhani atafurahi. Hakufurahi. Alikuwa akimsikia mjukuu wake analia na ameahidi asiinuke, na ahadi ile ilikuwa ikimla nyama. Niliona midomo yake inatikisika, nadhani alikuwa akimwita Mwanaidi. Njoo basi, njoo, mwana wa watu.

Nikaona, huyu si adui. Huyu ni bibi kama mimi. Na mimi namficha nini?

Nikasema, "Mkwe wangu, buibui lako limelala juu ya kamba ya ndege."

Akageuka. Akaitazama nguo yake, akaifuata kamba kwa macho mpaka kwenye mguu wa Salimu, akarudi nayo hadi dirishani. Mtoto analia.

"Mbona hukusema nilipolitundika?"

"Ningesemaje? Ungeona nakufukuza."

"Wewe?" Akanikazia macho. "Wewe uliyesimama mbele ya watu siku ya arusi ukaniambia pilau yangu ina mawe, leo ndiyo umeona haya?"

Pilau ile ilikuwa na mawe kweli, lakini si wakati wake.

Angeweza kusema ahadi ni ahadi. Angeweza kumtoa mtoto kwenye susu, akalivaa buibui lake na kutoka, na mimi ningebaki na makopo yangu. Nilimwona anafikiri. Kisha akainuka, akavuka chumba, akalishika buibui kwa mikono miwili na kulishusha polepole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Salimu akapiga teke.

Tulisikia bati jikoni, ka, ka, ka. Sisi tulisikia. Na kabla halijanyamaza tukasikia miguu inakuja, peku, inavuka ua.

Mwanaidi aliingia hakututazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye susu, akambeba, akamweka begani, akampapasa chini kama amelowa, akamnusa kichwa. Salimu akanyamaza kwa kwikwi. Ndipo nikaona kanga yake ina damu. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na muda wote ule hakutazama mikono yake hata mara moja. Macho yote kwa ndege. Ile mbuzi ilikuwa imemla kidole, na nazi yote imeingia damu, na hana habari.

Bi Zuhura alikiona kile kidole kabla yangu. Akakishika. Akakitazama mpaka nikadhani hatakiacha. Akachana kipande cha utepe wa kanga yake mwenyewe, kanga mpya, doti haijaingia maji bado, akamfunga.

Hakulivaa buibui. Alilikunja akalikalia.

Nilikuwa nimeanza kupumua ndipo aliponiuliza swali nililokuwa nikiliogopa: "Na usiku je? Usiku amelala, kuna giza. Ndege huyu atamwona kwa macho gani?"

Usiku Salimu hulala ubavuni mwa mama yake, lakini Mwanaidi ana usingizi mzito wa watu waliochoka, na mimi ndiye ninayeamka kumsukuma. Nami sitaishi milele. Nimejaribu taa, mbawa zikiinuka ziifunue. Nusura niichome nyumba. Nimejaribu kopo la maji limdondokee usoni, akaamka na kunirushia mto. Nikamwambia Bi Zuhura ukweli, sijui.

Akawa anavuta ile kamba yangu kidogo kidogo, anaisikiliza kwa vidole. Kisha akasema marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa mshipi, na usiku baharini alilala amejifunga mshipi kidole gumba cha mguu. Samaki akigusa tu chambo, mzee macho wazi. Hata nyumbani alizoea kulala ameutoa mguu nje ya shuka, na yeye Bi Zuhura akitaka kumwamsha hakumwita jina, alimshika kidole.

Akamketisha Mwanaidi mkekani. Akakata kamba kiasi, akamfunga kidole gumba cha mguu, fundo la kuteleza lisilobana damu, huku akimwonyesha, tazama, hivi, kisha hivi. Mwanaidi akafumba macho. Bi Zuhura akanikonyeza, akavuta ncha, polepole tu kama samaki anayeonja.

Mwanaidi akaruka kama aliyeumwa na nge. Akafumbua macho, akamwona aliyemvuta, akacheka ile sauti yake nzito ambayo mwenyewe huiona haya na kuizuia kwa kanga. Leo hakuizuia. Bi Zuhura naye akacheka, na Salimu akatutazama sote kama watu tusio na akili.

Hakusema kwamba ameshindwa. Watu wa Mambrui hawasemi hivyo, na mimi pia nisingesema. Alisema mtoto bado ananyonya, haifai kumkatiza. Alisema mfungo ukifika atakuja kufungua nasi siku mbili tatu, aone hilo fundo linashika au halishiki. Alisema ile kamba yangu ni ya mkonge, itamchubua mtoto wa watu kidole, atamtafutia mshipi wa pamba ambao mzee aliuacha. Nikamwambia alete, na asilete mchele. Akaniita shetani. Nikaenda jikoni kwa miguu yangu mwenyewe, nikachota makaa, nikalifukiza buibui lake udi mpaka likawa linanukia hata nje ya mlango. Akalivaa, akaondoka peke yake.

Peke yake. Nimeandika neno hilo na kulirudia kulisoma.

Sijui bado. Fundo linaweza kulegea, mtoto atakua na kutambaa mbali na kamba, Athmani anaweza kutuma kaseti nyingine. Nazi tumeitupa, tumekula muhogo mkavu. Mwanaidi amelala mapema na mguu ameutoa nje ya shuka, Salimu ubavuni, na kamba kati yao, toka kidole chake hadi mguu wa mtoto. Kila nikipita nakitazama kile kidole.

Jambo moja ndilo ninalolijua. Kesho nikimaliza alfajiri, kabla ya uji na kabla ya kitu chochote, nachukua nyundo na msumari mkubwa, ule wa mashua, naupiga ukutani nyuma ya mlango, kimo cha mkono wa Bi Zuhura.

Wa buibui.